Katoni ya Noeli

Mume wa Kolwezi anayempenda mkewe humletea Noeli kilamba, kitenge kipya cha kuendea misa. Kalumba yeye, karani wa ghala la mgodi, alileta vitabu. Kila mwaka alivinunua vya mtumba Lubumbashi kwa wauzaji wa kando ya barabara, na kabla hajavua viatu mkewe Rachelle alikuwa ameshachana karatasi na kuingiza pua katikati ya kurasa. Vilinuka vumbi na sabuni ya nyumba za watu, na harufu hiyo aliipenda kuliko manukato.

Mwaka huu Kalumba aliingia na katoni nzima.

"Mi niliona unabimalizaka mbio," alisema, akihema kwa furaha. "Hii itakufikisha mpaka Noeli ingine."

Rachelle alishukuru, lakini moyo ulimshuka. Mama Jocelyne, mkuu wa shule ya parokia, alikuwa amemtaka achukue darasa la tano masomo yatakapofunguliwa Januari, na alingoja jibu. Rachelle alikuwa mwalimu kabla ya ndoa. Aliacha kwa ajili ya mimba ya Jessica, na Jessica mwenyewe sasa anamfikia begani. Kalumba hakuwahi kumkataza kurudi. Laiti angekataza, Rachelle angepata mtu wa kugombana naye.

"Tata Jessica," alianza kumwambia mumewe jioni hiyo, "Mama Jocelyne alinitafuta kwa ile kazi ya shule."

"Anza na hiki cha juu," Kalumba alisema, akijinyoosha kwenye kiti na kufumba macho. "Unisomee kidogo tu."

Akasoma. Balaa ni kwamba kitabu kilikuwa kitamu. Alipofika ukurasa wa tatu hasira zilikuwa zimemtoka, na alipokumbuka neno lake, mume alikuwa anakoroma. Kesho yake ikawa vilevile, na kesho kutwa. Adolphine, jirani yao, alipokuja kusalimu, aliitazama katoni na kutikisa kichwa.

"Uko na bahati, mama. Wangu analetaka tu kilamba, tena ya bei chini."

Rachelle alicheka naye. Umwambie nani kwamba zawadi unayoipenda ndiyo inayokufunga nyumbani? Wangemwona hana shukrani, na nusu ya siku yeye mwenyewe alijiona hivyo.

Siku ya Mwaka Mpya watoto wa mtaa walizunguka mlango kwa mlango, wamevaa nguo ngumu za dukani, wakitakia watu bonané na kupewa biskuti. Kwa Rachelle biskuti ziliisha mapema. Badala ya kuwafukuza aliwakalisha barazani, akatoa kwenye katoni hadithi ya fisi aliyefungua mgahawa. Wakaja wengine, wakajibana. Sauti yake ya darasani ilirudi yenyewe, na alifurahi mpaka akaona aibu kidogo.

Kalumba aliamka, akasimama mlangoni na singlendi yake, uso umejaa tabasamu.

"Ona sasa," alisema kwa upole. "Masomo yenyewe ilikufwata ku nyumba. Utatoka kuenda kutafuta nini tena?"

Kumbe mumewe alikuwa amesikia. Jioni zote zile alisikia kila neno, akafumba macho.

Akafunga kitabu katikati, fisi akiwa bado anamngoja mteja wa kwanza.

"Ingine tutasoma mu klasi," aliwaambia watoto. "Mumwambie Mama Jocelyne, mi niliitika. Masomo ikifunguka, mutanikuta pale."

Wakatawanyika mbio, kila mmoja akitaka awe wa kwanza kupeleka habari. Neno ulilowapa watoto wa bonané halirudishwi. Kabla ya chakula cha mchana linakuwa limeingia kila ua. Kalumba alilijua hilo. Alikaa polepole kwenye kizingiti, na tabasamu halikuwepo tena.

"Na mi?" aliuliza. "Mangaribi nani atanisomeaka?"

Hakuwa anamtega. Aliuliza kama mtu anayeogopa kweli, na Rachelle alimhurumia. Kidogo tu angemwambia basi, nitabaki. Aliinama, akamwekea kile kitabu magotini.

"Unajua kusoma, Tata Jessica."