Kaa Lile, Kaa Yule

Mashujaa wa ami yangu Abdeali hawakohoi. Hawaendi sokoni, hawaumwi na jino, hawapotei njia. Huingia ukurasani kifua mbele, kila mmoja na upanga wake na macho ya mwewe, na wakifa huanguka vizuri, hata kilemba kisilegee. Ami huwaandika barazani kwake Kizingo, akitazama bustani inayomwagiliwa na mtu mwingine, na kila amalizapo riwaya ya kihistoria hutembea wiki nzima kama kwamba vita vile alivipigana yeye.

Mimi humsomea miswada yake, kwa kuwa nilisomea Kiswahili chuoni na kwa kuwa sijui kukataa. Kazi yangu ni tahajia. Maoni hayatakiwi. Niliwahi kuandika pembeni kwa penseli: "Huyu ana mikuki mitatu mwilini, bado anahutubia?" Akanijibu kwa wino mwekundu: "Ndiyo."

Mwaka jana mashujaa wa watu wakamwishia, akaamua kumwandika babu yake mwenyewe, Tayabali, baba wa mamake, aliyekuwa na duka la nyuzi na vifungo huku kwetu Kuze. Akaja na simu ya kurekodia. Dadi Fatemabai, ambaye ndiye mamake Ami na bibi yangu mimi, alikuwa amejitayarisha tangu asubuhi. Akakaa kitandani, akaweka sawa rida yake kichwani, akaanza kama anavyoanza siku zote.

"Askari wakasimama mlangoni. Babangu ameshika kaa mkononi, na uso hakuukunja, hakulia—"

"Inatosha, Ma!" Ami akazima simu. "Usiongeze neno, utaniharibia. Riwaya ndiyo hiyo!"

"Sijafika kwa Baya."

"Baya baadaye."

Akanywa chai, akala vitumbua vyote, akaenda zake.

Sasa, watu wa umri wa Dadi hapa Mvita wana kaa wa namna mbili. Kaa la jikoni hulitamka kavu. Kaa wa pwani, mwenye magando, humtamka kwa pumzi. Ukiweka kiganja mbele ya mdomo utaisikia. Maandishi hayaonyeshi tofauti hiyo. Dadi alitoa pumzi. Ami, aliyesomeshwa ng'ambo na kurudi na masikio ya huko, alisikia moto.

Kisa chenyewe kila mtoto wa ukoo wetu amekua nacho, isipokuwa yeye, ambaye hakuwahi kukaa kitako akamsikiliza mamake. Ilikuwa siku za mgomo wa makuli bandarini. Askari walikuwa wakimtafuta kuli mmoja, Baya. Baya akakimbilia vichochoro vya Kuze akiwa amejitwika kikapu cha kaa, apate kuonekana mchuuzi, akaingia duka la kwanza aliloliona wazi. Viatu vya askari vilikuwa nyuma yake. Tayabali alikuwa Bohora. Kaa kwake ni haramu, na hakuwa amegusa hata mmoja maishani mwake. Alikuwa mtu wa kukimbia mende. Akautumbukiza mkono kikapuni kama mteja anayechagua, na kaa mmoja akamdaka kidole.

"Mmemwona mtu akipita mbio?" askari wakauliza.

"Sijaona mtu," akasema Tayabali, kidole kikiwa bado kikapuni, kisha akamgeukia Baya. "Ghali! Wamekonda hawa. Punguza!"

Angelia, wangejua kwamba huyu hajui kaa, na wangemtazama vizuri anayemuuzia. Wale askari walikuwa wageni wa bara, hawajui Bohora hula nini. Wakaenda. Hapo ndipo alipopiga ukelele uliowatoa majirani ndani, na Baya akawa na kazi ya kumbandua kaa. Kidole kilibaki kimepinda mpaka kufa kwake. Kila Idi Baya alikuja dukani, akasimama mlangoni na kuuliza, "Kaa bei gani leo?" na wote wawili wakacheka mpaka wakakaa chini.

Nilipousoma mswada nikaenda Kizingo. Njiani niliyapanga maneno. Mbele yake yakapungua.

"Ami, ni kaa wa baharini, wa kikapu cha Baya."

Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu kinyume. "Mariya, shujaa habanwi na kaa. Shujaa huungua."

"Na Baya?"

"Yule wa kikapu? Atanipunguzia babu yangu. Ukurasa mmoja haubebi watu wawili, binti yangu. Hiyo ndiyo sanaa."

Nikasema, "Haya, Ami." Nilirudi nyumbani nikilichukia lile "haya" kuliko nilivyomchukia yeye.

Nilimkuta Dadi amefurahi. Alikuwa amempigia simu Bi Sidi, binti wa Baya, karani mstaafu anayekaa Kisauni. Walikuwa marafiki tangu wazazi wao. "Nimemwambia aje kwenye uzinduzi," Dadi akasema. "Nimemwambia, ndoo usikie jina la babako likisomwa mbele za watu. Amelia kwenye simu, maskini."

Sikuweza kumwambia. Nilikwenda jikoni nikaosha vikombe ambavyo vilikuwa safi.

Uzinduzi ulifanyika ukumbini, Kizingo, na viti vilivyofunikwa vitambaa vyeupe kama vya harusi. Kuze nzima ilialikwa, kwa sababu shujaa huhitaji wa kumshangilia. Ami alivaa kizibao cha zari. Akatangaza kwamba mimi ndiye nitakayesoma sura ya saba, kwa kuwa yeye akiisoma hulia. Mstari wa mbele alikaa Dadi, na ubavuni mwake Bi Sidi katika gauni jipya la kitenge. Bi Sidi alitoa miwani akaivaa, ingawa hakuwa na cha kusoma. "Nisikie vizuri," akamwambia Dadi.

Nikasoma jinsi babu yetu, muuza vifungo, alivyosimama "kama mnara wa dhoruba" mbele ya jiko la makaa.

"Jiko?" Dadi akauliza, kwa sauti ya mtu asiyesikia vizuri. "Dukani jiko latoka wapi?"

Ami akanionyesha kidole: endelea.

Sentensi iliyofuata ilikuwa hii: "Tayabali akalitwaa kaa lile jekundu, akalifumbata, moshi ukamfuka vidoleni, akanguruma: Chomeni mji, kiganja hiki hakifunguki!" Nikainua macho. Bi Sidi alikuwa ameinama mbele kidogo, mkono wake ndani ya mkono wa Dadi, akingoja.

"Tayabali," nikasoma, "akamshika kaa yule."

Nilitoa pumzi, kama Dadi. Baada ya hapo sikuwa na la kufanya. Kiswahili chenyewe kilinishika mkono. Kaa akishakuwa yule, hawezi kuchoma, lazima abane. Akibana, lazima atoke kikapuni. Na kikapu lazima kiwe na mwenyewe.

"Na mwenye kikapu," nikasema, huku kitabu nimekifunga, "alikuwa Baya."

Nikakisimulia kisa chote, nikitazama meza. Nilipofika kwenye "Ghali! Punguza!" ukumbi ukapasuka. "Bohora anunua kaa!" akapiga kelele jirani yetu Kashif, akijipiga mapaja. Dadi alicheka mpaka rida ikamwendea upande. Bi Sidi hakucheka. Alivua miwani, akaipangusa, akasema polepole, kama anayemjibu mtu, "Kaa bei gani leo?"

Ami akawa wa kwanza kusimama na kupiga makofi. Dakika chache baadaye nilimsikia akiwaeleza wageni kwamba kila msiba huhitaji kichekesho chake, na kwamba alikipanga hivyo makusudi, kisomwe tofauti na kilivyoandikwa, ndiyo mbinu mpya. Watu wakatikisa vichwa kwa heshima. Kwenye meza ya sambusa alininong'oneza huku amekaza meno, "Umemfanya babu yangu mchekeshaji."

"Alikuwa," nikasema.

Kisha akaketi kutia sahihi vitabu. Bi Sidi alisubiri zamu yake, nakala kifuani; hakuna aliyemwambia kwamba ndani hamna lolote lake, na nadhani alikwisha kujua. Akakiweka kitabu mezani, akakifungua ukurasa wa kwanza.

"Niandikie jina la Baya."

Ami akainua kalamu, akatabasamu lile tabasamu la wasomaji. "Baya yupi, mama?"

Bi Sidi alimtazama bila hasira, kama mtu anayepima kitambaa na kuona hakitoshi.

"Wa kikapu," akasema.

Akaliandika jina. Ndilo neno la kweli pekee katika kitabu kile chote, nalo limo katika nakala moja tu, na nakala hiyo iko Kisauni.