Hatua Mbili kwa Mzee

…bega liko sawa, nimemwambia liko sawa, ameuliza nusu tu ya swali na mimi nimeshajibu, na kocha Brannigan ameficha mdomo nyuma ya ile kadi yake ya plastiki ili wapinzani wetu wa Omaha wasimsome midomo, macho tu ndiyo yanaonekana, mekundu kwa upepo wa ziwani, anasema pasi ndefu, Novo, Whitlock kulia, moja kwa moja mpaka… maneno mengine yamechukuliwa na upepo lakini neno ndefu limefika, limefika vizuri sana, zimebaki dakika mbili kamili na mchezo umesimama kama unavyosimama siku zote zikibaki dakika mbili, ili nchi nzima itazame matangazo ya bia na magari, na yule bwana wa televisheni amesimama uwanjani na mikono ya koti lake ya rangi ya chungwa, ameikunja kifuani, mpaka aishushe hakuna mtu wa kucheza, na mimi narudi kwa wenzangu polepole kwa sababu theluji imeganda chini ya viatu, basi, ni theluji. Tuko nyuma kwa pointi nne, futiboli ya Kimarekani inakupa majaribio manne tu na hili ni la nne, yadi kumi na nne za kufikisha, tukikosa hapa msimu umekwisha, na msimu ukiisha… hakuna aliyesema, Brannigan hajasema, ila Jumatatu aliniita Garrett, miaka sita ananiita Novotny au Novo na Jumatatu akaniita Garrett, kwa ile sauti ya watu wanaomtembelea mgonjwa, bega linaendeleaje, Garrett, miaka thelathini na tisa si mchezo, na mimi nikacheka, nikamwambia njoo Alhamisi mazoezini utazame. Akaja akatazama. Nilitupa sita za yadi hamsini na Whitlock akadaka zote sita, sita kwa sita, mpira unashuka mikononi mwake kama umeitwa jina, makocha wakapiga makofi, mmoja akasema huu mkono wa mtu wa miaka ishirini na tano, na usiku niliitazama video mara nne, mguu wa mbele, nyonga, kiwiko, vyote mahali pake, sikuona kosa, nililala vizuri, nililala upande wa kushoto lakini nililala vizuri. Asubuhi mke wangu Renee amesimama mlangoni mwa bafu na kikombe chake cha kahawa, anasema, “Tangu lini unapiga mswaki kwa mkono wa kushoto?” Nikamwambia nimesoma mahali kwamba ni vizuri kwa ubongo. Akanywa kahawa. “Na bakuli za rafu ya juu ulizozishusha chini,” akasema, “nazo ni za ubongo?” Yuko kule juu sasa hivi, safu ya kumi na mbili, na lile blanketi la kijani, sitatazama, kila nikitazama najua anatazama bega badala ya uso.

Odom ananisubiri kwenye mstari kama alivyonisubiri tangu saa saba mchana, beki wao mkubwa mwenye ndevu zilizoganda barafu, “Babu, baridi hii, wajukuu hawakutafuti?” na mwenzake pembeni anacheka, “Mwache babu wa watu, anatafuta miwani,” na Odom anageuka, ananyoosha mkono kuonyesha uwanja ulio nyuma yake, wote, mweupe, hauna hata alama ya kiatu, “Tazama, Babu, tumekuachia shamba zima, tupa basi, ni bure,” na Leota, ambaye kazi yake ni kunipa mpira kupitia katikati ya miguu yake kisha kusimama kati yangu na watu kama Odom, kilo mia na hamsini za mtu mpole kutoka Samoa, anamjibu bila kuinua kichwa, “Funga mdomo, Odom, meno yatashikwa na mafua.” Wenzangu wanacheka. Mimi pia nacheka. Lakini shamba ni kweli, hilo ndilo linaloniuma, si maneno, mabeki wao wote wawili wa nyuma wamesogea mbele mpaka yadi kumi, mabeki hawasogei hivyo mbele ya mtu wanayemwogopa, miaka minane iliyopita walikuwa wanasimama mbali kiasi kwamba nilikuwa sioni namba zao, na leo naona hata mvuke wa pumzi zao, maana yake wamekaa wiki nzima na video zao huko Omaha, wamehesabu, wamekubaliana kwamba nyuma yao hakuna kitu kinachoweza kufika. Wao hawakuwepo Alhamisi. Sita kwa sita. Nawaambia wenzangu namba ya mchezo, tumeinama kwenye duara, mvuke wa watu kumi na mmoja, harufu ya jasho na ya zile soseji wanazochoma mashabiki nje kwenye maegesho tangu asubuhi, nawaambia ndefu, Whitlock kulia, na Whitlock anarukaruka kwa baridi, miaka ishirini na mitatu, mtu wa Louisiana, baridi kwake ni kama tusi, anauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeuliza chumvi, “Mzee, ni zile mbili au leo na baridi hii nipunguze tatu?”

Mbili za nini, nikasema. “Hatua.” Hatua za nini. Na Leota akasema, “Tavares,” taratibu, jina la kwanza la Whitlock, jina tu, na nilipomtazama Leota alikuwa anatazama viatu vyake, na wengine wote walikuwa wanatazama mahali fulani, kila mtu amepata cha kutazama, na Whitlock, “Nini? Si tunafanya kila siku? Gaines aliniambia siku ananiachia kabati lake, ukifika yadi arobaini punguza hatua mbili, mbili kwa mzee, mimi nilidhani mmepanga naye… Leota, si hata wewe unajua?” na Leota anatoa theluji kwenye kiatu ambacho hakina theluji… mbili kwa mzee, kumbe ina jina, kitu kikishapewa jina maana yake kimezungumzwa, kwenye basi, bafuni, mimi nikiwa chumba cha pili na barafu begani. Hatua mbili za mtu kama Whitlock ni yadi tano, karibu tano. Video haikudanganya, mpira ulitua hamsini kweli, mistari ipo kwenye nyasi, lakini mpira wangu unapotua hamsini yeye alipaswa awe ameshafika hamsini na tano, na mimi nilitazama mara nne, mguu, nyonga, kiwiko, mara nne nilijitazama mimi, sikumtazama yeye hata mara moja. Gaines… ngoja, Gaines. Ellery Gaines, miaka saba tulicheza pamoja, aligusa tumbo la Renee la mimba ya kwanza kwa mkono wake tukiwa jikoni, akasema huyu atakuwa mpokeaji wa pasi, anapiga mbio humo ndani. Oktoba ile, mwaka juzi, mkimbio huuhuu, upande huuhuu wa kulia, na katikati ya njia akapunguza, nilimwona kwa macho yangu, akageuza kichwa kunitazama na kupunguza, na beki aliyekuja nyuma yake hakupunguza, na goti likaelekea upande ambao magoti hayaelekei. Waandishi wakaniuliza. Nikawaambia, “Alisimama, kwenye njia ile mtu hasimami,” hivyo tu, sikuongeza, nilijiona muungwana kwa kutoongeza. Hospitali akaniambia, “Kosa langu, mzee, nilisimama.” Na mimi… mimi nilimsamehe. Nilikaa kwenye kile kiti cha plastiki nikamwambia yamepita, kaka, inatokea, nikamsamehe, na yeye akiwa na vyuma gotini akanibonyeza bega, akaniuliza, “Na hili linaendeleaje?” nikasema liko sawa.

“Alisema kingine?” namuuliza Whitlock, sauti yangu naisikia kwenye helmeti kama ya mtu mwingine, na Whitlock sasa ameshaelewa kwamba kuna kitu amekivunja, “Alisema… alisema nitazame nyuma kwanza kabla sijapunguza. Alisema yeye hakutazama.” Basi. Alirudi na magongo kumwachia mtu mwingine kazi yake, na kazi yenyewe ni mimi. Odom huko anapiga kelele, “Babu, mnasali?” Naweza kuinua mkono, kocha Brannigan yupo hatua thelathini, nimwambie sina tena mkono wa ndefu, tupige pasi fupi pembeni, nimewapa pasi fupi mwaka mzima na kuziita busara, wangekubali tena, wamekubali mengi, au nimwambie Whitlock mbili, kama kawaida, kisha nimtazame akigeuza kichwa kuniangalia na wale wawili wa yadi kumi wakirudi nyuma mbio kwa nguvu zote, na kesho waandishi waniulize, na mimi nijue cha kusema kwa sababu nimeshakisema. Bega linapiga kama moyo wa pili. Limepiga hivyo tangu Agosti. Tangu Agosti ya mwaka juzi, sema kweli, angalau humu ndani ambamo hakuna anayesikia, kabla ya Gaines, lilikuwa linapiga kabla ya Gaines.

Yule bwana wa televisheni bado hajashusha mikono. “Whitlock,” nasema. “Mzee.” “Usipunguze.” Ananitazama. “Hata moja?” “Hata moja. Usigeuze kichwa, usinitafute, kimbia kama vile aliyetupa ni mtu mwingine.” “Na mpira ukibaki nyuma yangu?” Hakuna anayetazama viatu sasa, wote kumi wananitazama usoni, na nadhani hawajanitazama hivi kwa muda mrefu, nadhani walikuwa wananitazama kama Renee anavyonitazama, nikasema, “Ukibaki, ubaki,” na Leota akasema, “Novo, unajua msimu…” nikasema najua, na najua kweli, wako watu elfu sitini hapa na wengine majumbani wanaosubiri bia iishe kutangazwa, wataona mpira ulipofika na ulipokomea, na Ellery, kama anatazama, ataona mtu anakimbia mpaka mwisho bila kunisubiri, na mimi nitautazama ukianguka, popote utakapoangukia, nitautazama mpaka utulie.