Mayai ya Siku ya Mwisho ya Ligi

Kila Ijumaa saa saba mchana, watu wa Valdemora walipunguza kelele za vijiko na kutega sikio redioni wajue Fidencio Arranz anatabiri nini, ili wao wabashiri kinyume chake. Sauti alikuwa nayo, nzito na tamu, na soka alilijua kuliko jikoni kwake. Ila utabiri wake haukupata kutimia hata siku moja. Akisema sare, mabao yalimiminika. Akisema leo tunashinda, mashabiki walibaki nyumbani kupunguza machungu. Mwenyewe hakuona haya, na Ijumaa iliyofuata alirudi tena.

Ijumaa hii hakuna aliyecheka. Kesho yake ilikuwa siku ya mwisho ya ligi. Valdemora ilibidi waifunge Marina nyumbani, la sivyo washuke daraja. Marina, matajiri wa pwani, walihitaji pointi moja tu watawazwe mabingwa.

"Hawa wanacheza mpira wa chini," Fidencio alisema hewani. "Uwanja ukiwa mkavu watatupigia pasi mpaka tuwaombe maji ya kunywa. Lakini ikinyesha, jamani, mpira utakwama matopeni, tutapata kona, na yule beki wetu mrefu atamaliza kazi kwa kichwa. Mbili bila. Kwa hiyo mimi naomba mvua, na nyinyi wote ombeni nami."

Alipofika nyumbani alimkuta mkewe, Visitación, amesimama kando ya meza kama hakimu. Mezani palikuwa na trei ya mayai.

"Kesho ni nini, Fidencio?"

"Siku ya mwisho ya..."

Kesho ilikuwa harusi ya Nieves, binti yao wa pekee, na karamu ingeandaliwa bustanini huko milimani, mbingu zikiwa ndizo paa. Tarehe walikuwa wameipanga tangu mwaka jana. Wakubwa wa ligi hupanga saa za mechi wiki ya mwisho, na hawamuulizi baba wa bibi harusi yeyote.

"Peleka mayai kwa masista wa Mtakatifu Klara," mkewe akasema. "Waombe jua."

"Lakini mke wangu, kuwapelekea masista mayai ili harusi isinyeshewe ni kazi ya mama wa bibi harusi. Tangu zamani."

"Mama wa bibi harusi hajaomba mvua redioni mbele ya mji mzima. Nenda ukayafute maneno yako kwa mdomo uleule."

Basi akaenda, trei mikononi, akitembea polepole kuliko hata mayai yalivyotaka. Njiani shetani alimsemesha kwa upole. Nani angejua kama mayai yangeishia kwenye kimanda cha viazi pale baa? Aliitazama mbingu: buluu tupu, wala wingu la kusingizia. Kisha alimkumbuka Nieves. Tangu akiwa na meno ya utoto walikaa pamoja uwanjani, yeye akipiga kelele, mtoto akimenya mbegu za alizeti na kuwatemea maganda watu wa mbele. Saa ya mechi ilipotangazwa, Nieves alimwambia tu, "Usijali, baba. Utasikiliza kwa sikio moja." Aliyasema akitabasamu, na tabasamu lile lilimuuma Fidencio kuliko kama angelia.

Mpaka anafika konventini alikuwa ameshatunga ombi la kijanja: jua bustanini, mvua uwanjani. Mshika mawili moja humponyoka, hilo alilijua, ila alitaka kujaribu.

Kwa masista huonani na mtu. Ukutani kuna kabati la mbao linalozunguka. Unaweka chako, unalizungusha, na upande wa pili sauti inakushukuru.

"Salamu Maria," akasema Fidencio.

"Uliyekingiwa dhambi," sauti ikaitikia. Alikuwa Sista Casilda. "Aa, Don Fidencio. Tunakusikiliza kila Ijumaa tukikunja nguo."

"Na nyinyi mnabashiri kinyume?"

"Mama Mkuu ndiye. Mimi nakuonea huruma tu."

Fidencio akainama aweke trei kabatini. Kwenye kona ya mbao palikuwa na maganda ya alizeti.

"Samahani kwa huo uchafu," Sista akasema. "Ni binti mmoja, muda si mrefu. Kaniletea trei nzima, anatafuna kama kasuku. Anaolewa kesho. Nikamwambia haya, tutakuombea jua. Akasema hapana, sista. Mama ataleta mayai ya jua. Yapokeeni, myale, lakini msiombe chochote. Nikamwambia, binti, gauni lako litalowa. Unajua alinijibu nini? Gauni ni langu, timu ni ya baba."

Fidencio aliokota ganda moja, akaligeuzageuza kiganjani.

"Don Fidencio? Bado upo?"

"Nipo."

"Haya, wewe unaomba nini?"

Lile ombi la kijanja lilikuwa limeshamtoka kichwani. "Jua," akasema. "Jua kali, bustanini na kila mahali. Valdemora wakishuka, na washuke."

Sista Casilda akashusha pumzi. "Nyumba moja, trei mbili, na kila mmoja anamwombea mwenzake. Sisi tutayala mayai yote, hayo mengine tumwachie Mungu."

Kesho yake kanisani mambo yalikwenda vizuri. Karamu ilipoanza tu, wingu likatokea nyuma ya mlima na kumwaga maji yote liliyokuwa nayo. Wageni walikimbilia barazani, nyama choma zikaelea kwenye sahani, na Visitación akamtazama mumewe kwa jicho la kuchuna ngozi. Fidencio alikuwa na redio ndogo mfukoni na nyaya masikioni. Huko bondeni, mtangazaji alikuwa akilalamika kwamba jua la uwanjani linamchoma shingo.

Nieves alikuja akakaa kando yake kwenye ngazi, gauni tope mpaka magotini. Akachomoa waya mmoja sikioni mwa baba yake, akautia katika sikio lake.

"Vipi?"

"Bila bila, zimebaki dakika chache. Uwanja mkavu kama biskuti. Na wewe gauni limelowa, binti yangu."

"Gauni ni langu."

"Na timu ni ya baba," Fidencio akamalizia.

Nieves akageuka. "Nani kakwambia?"

"Uliacha maganda."

"Na wewe uliomba nini, baba?"

"Jua."

"Na mechi?"

"Ah. Mechi."

Nieves alikilaza kichwa begani kwake, shela ikimchuruzika maji. Sikioni mwao sauti ya mtangazaji ikapanda: Valdemora wamenyang'anya mpira, pasi, pasi nyingine, yote chini kwa chini kwenye nyasi kavu, na yule beki mrefu, ambaye hajapata kufunga kwa mguu maishani mwake, akafunga kwa mguu.

Barazani nako kulikuwa na redio, na watu walirukiana. Wawili wale hawakuinuka.

"Umekosea tena," Nieves akasema.

"Kila kitu," Fidencio akakubali, akijifuta macho.

Nieves akafungua kimkoba chake cheupe cha harusi, akammiminia alizeti kiganjani.