Maoni ya Mwalimu wa Darasa

Niliota usiku wa jana kwamba ripoti za darasa langu la sita zimeshagawiwa, na kila nilichoandika kwenye nafasi ya maoni kimetokea.

Wale thelathini niliowaandikia "Aongeze bidii" wamejipanga mlangoni mwa ofisi ya walimu, kila mmoja na ndoo yake. Wanauliza bidii inatolewa dirisha gani. Mimi ripoti huziandika hivyo, rundo zima sentensi moja, kabla chai haijapoa. Nawaambia warudi Jumatatu.

Baba Somoe anaingia na boksi la chaki. Ndani amekaa binti yake, Somoe, urefu wa kidole. Nilikuwa nimemwandikia "Uwezo mdogo."

"Mwalimu, wewe ndiye uliyesoma," anasema kwa adabu. "Umesema mdogo, nami nimepokea mdogo. Shule inamzidi. Kesho nampeleka kwa shangazi yake akalinde kuku."

"Nisubiri kidogo, baba. Nitabadilisha maneno."

"Mimi siandiki," inasema kalamu yangu nyekundu. "Mtoto mwenyewe humjui."

Ni kweli, na naona aibu.

Ofisi inageuka kuwa jiko la shule. Mwalimu Siwema amekaa juu ya kreti la soda, anaandika ripoti za darasa lake. Mama huyu huchukua wiki mbili kwa kazi tunayoimaliza asubuhi moja, nasi humcheka. Leo simcheki. Mtoto aliyemwandikia "Umejifunza kusubiri zamu yako, sasa itetee" anapita ameibeba zamu yake mikononi kama yai. Miaka kumi na tisa anafundisha, na hajawahi kuwapa watoto wawili sentensi moja. Namstahi mpaka nashindwa kukaa.

"Mwalimu Siwema, nigawie sentensi moja."

"Zangu zina wenyewe. Somoe anafanya nini hapa shuleni?"

"Hesabu amepata kumi na nane."

"Sikukuuliza amepata nini."

Nafikiri mpaka jasho linanitoka. "Anagawa uji," nasema. "Watoto sitini, bila kikombe cha kupimia, na hakuna anayekosa."

"Mimi shahidi," inasema sufuria.

Kalamu inakubali. Naandika: "Somoe hugawa uji kwa watoto sitini na ukatosha. Hesabu anazo mikononi, tutamsaidia kuzileta kwenye daftari."

Mguu mmoja unatoka kwenye boksi, kisha wa pili, kisha Somoe mzima amesimama mbele yangu. "Shikamoo, mwalimu."

Baba yake analikunja boksi, analitia mfukoni. "Ngoja nisome kwanza," anasema.

Nikaamka. Ripoti zote arobaini na tatu zilikuwa kwenye mkoba wangu, hazijatoka nyumbani. Nikaitafuta ya Somoe. Nafasi yangu ilikuwa nyeupe, haina hata alama ya kufutwa. Chini yake, kwenye maoni ya mzazi, palikuwa na mwandiko wa mtu anayekandamiza kalamu: "Nimesoma. Ataendelea na shule."

Nikaketi kuandika kile alichokwisha kukisoma.