Daftari la Purukushani

Kila Jumanne asubuhi, kabla hajachemsha chai ya ofisi, Tryphena alilifungua daftari na kuliegemeza dirishani ili damu ya wiki iliyopita ikauke. Ndolwa iko mlimani Taita, juu ya Werugha, na ukungu wake haukaushi kitu upesi. Kwa hiyo alifuta kurasa kwa kitambaa, moja moja, taratibu pale penye uvimbe, kisha akakisuuza kwenye karai na kumwagia sukuma wiki yale maji.

Alikuwa karani wa naibu wa chifu kwa miaka kumi na minne, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandika neno moja. Mtu akija na ugomvi, Harrison, ndiye naibu wa chifu, alisikiliza huku akitafuna njugu, halafu akamgeukia Tryphena na kusema, "Andika purukushani."

Neno lenyewe halikuwa na kosa. Purukushani ni watu wawili kusukumana kwenye foleni ya dipu ya ng'ombe. Ni majirani kushikana mashati kwa sababu mbuzi wa mmoja amelala kwenye kabeji za mwenzake. Kifungo kinakatika, mtu anatukaniwa mama, jioni wanasalimiana. Kwa mambo ya namna hiyo ni neno zuri, hata mshindo wa viatu unasikika ndani yake. Lakini Harrison alilipenda kupita kiasi. Likiandikwa neno jingine, shambulio kwa mfano, faili lazima iteremke hadi polisi Voi, na wakubwa waanze kuuliza kwa nini huko juu hakuna amani. Purukushani ilimalizwa papo hapo. Mwanamume alipewa kikombe cha maji, akajaza mdomo, akayapuliza nje ya mlango kama mababu walivyopuliza denge, ile pombe ya miwa, kuitoa hasira moyoni. Wadawida, ndio Wataita wenyewe, wanaita kutasa. Pasta hakuipenda sana, ila alisema maji ya bomba hayana dhambi.

Hapo ndipo Tryphena alipoandika, na alipoandika, jeraha lilitoka kwa mtu likaingia kwenye karatasi.

Ilianza na jicho la mwanamke mmoja wa ng'ambo ya bonde, lililokuwa limefumba kwa ngumi. Tryphena alipoweka nukta, jicho likafunguka, jeupe kabisa, na ukurasa ukavimba ukawa wa zambarau. Harrison aliutazama, akasema karatasi za serikali siku hizi ni duni.

Habari zilienea. Wanawake walikuja wamebebwa kwa bodaboda, mbavu zimevunjika, wakarudi kwa miguu wamejitwika kuni. Waume nao waliona nafuu. Zamani mtu alipiga kwa kiasi, akikumbuka kwamba kesho kuna ng'ombe wa kukamuliwa. Sasa hakukuwa na haja ya kukumbuka chochote.

Aliyeandikwa mara nyingi kuliko wote ni Jacinta, mama wa msichana aitwaye Valarie. Mumewe, Gibson, alikuwa na lori dogo la kupeleka kabeji soko la Voi, na Jumapili alikuwa ndiye anayewaonyesha watu pa kukaa kanisani. Mwezi wa nne Jacinta alikuja ofisini peke yake, siku ambayo Harrison alikuwa ameenda mkutanoni Mwatate. Gibson alikuwa amempiga kwa spana ya magurudumu. Mkono wa kushoto ulikuwa umevunjika chini ya kiwiko, na mfupa ulichungulia nje ya ngozi.

"Mama Sylus," alimwambia Tryphena, "leo usiniandikie lile neno."

"Niandike nini?"

"Andika shambulio. Niende na mkono hivi hivi hadi Voi, daktari auone, anijazie P3, ile fomu ya polisi. Hiyo purukushani imenimaliza. Kila nikifika kwa polisi niko mzima, wananiambia nirudi nikapike."

Tryphena alimwelewa vizuri sana. Aliandika tarehe. Aliandika jina. Kisha akauangalia ule mkono, damu ikidondokea kandambili, midomo ya Jacinta imekuwa ya kijivu kwa maumivu, akafikiria barabara ya kuteremka Wundanyi na zile kona zote, na kila kona ikiutikisa ule mfupa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na huruma, tena huruma ya haraka, ambayo inataka kilio kiishe sasa hivi.

"Pole, dada," alisema, akaandika purukushani.

Mfupa ulirudi ndani kama konokono. Ukurasa ukapasuka katikati kwa mlio mdogo. Jacinta alikunjua vidole, akavikunja, akautazama mkono wake mzima kwa muda mrefu. Hakushukuru.

"Umeniponya, Mama Sylus," alisema kama mtu anayetoa rambirambi. "Haya. Wacha nikapike."

Wiki tatu baadaye, Alhamisi saa nne asubuhi, Gibson alimleta kwenye lori, amelazwa juu ya magunia ya kabeji na kufunikwa leso. Gibson mwenyewe alikuwa amevaa shati safi.

"Tumekosana kidogo, Chifu," alisema. "Ni yale mambo ya nyumba."

Harrison aliinua ncha ya leso. Kichwa kilikuwa kimebonyea upande mmoja na shingoni kulikuwa na vidole kumi, vyote vinahesabika. Akaishusha leso.

"Andika purukushani," alimwambia Tryphena.

"Huyu amekufa, Chifu."

"Nimeona. Ndiyo maana nasema uandike haraka, watu wa Voi wameshapigiwa simu."

"Siandiki."

Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minne. Harrison hakukasirika. Alijifuta maganda ya njugu vidoleni, akaichukua kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wake wa kulala kama nyasi zilizokanyagwa. Fuvu likajaa mahali pake. Jino likarudi. Vile vidole kumi vikafutika shingoni kimoja kimoja. Jacinta alilala juu ya magunia kama mtu aliyepumzika baada ya chakula cha mchana, asiye na hata mkwaruzo, na hakuamka. Neno lilichukua majeraha yote, na kifo halikukigusa.

Gibson alipewa kikombe chake cha maji, kwa kuwa ndio utaratibu.

Watu wa Voi walifika alasiri pamoja na daktari. Walimgeuza marehemu mbele na nyuma wasione kitu. Tryphena akawaletea daftari, akalifungua. Ukurasa ulikuwa umebonyea upande mmoja, unavuja, na pembeni yake kulikuwa na alama za vidole. Afisa aliugusa, akajipangusa kwenye suruali.

"Nasikitika, madam," alisema, "lakini daftari si mlalamishi."

Waliandika kwamba moyo ulisimama. Mazishini watu walimsifu Jacinta kwa jinsi alivyopendeza ndani ya jeneza, ngozi nyororo kama ya bibi harusi, na Gibson aliwaonyesha wageni pa kukaa. Valarie aliinua mkono wa kushoto wa mama yake, akapandisha nguo hadi kwenye kiwiko, akatafuta kovu. Tryphena alimwona. Alitamani ardhi immeze, ila ardhi siku hiyo ilikuwa na kazi nyingine.

Jumanne iliyofuata aliliegemeza daftari dirishani kama kawaida. Ukurasa wenye mwandiko wa Harrison haukukauka, na haujakauka mpaka leo. Mlangoni alikuwa ameketi mwanamke kijana, taya limening'inia, maziwa yamelowesha kifua cha blauzi, maana alikuwa ameacha mtoto mchanga nyumbani.

Tryphena alimsogelea karibu kabisa. Akamweleza maneno yote mawili, lipi linaponya na lipi linapeleka Voi, akamuuliza aandike lipi.

Mwanamke hakuweza kusema. Aliitazama barabara, akakitazama kifua chake, kisha akanyoosha kidole na kuugonga ukurasa, palepale penye purukushani.

Nje, mumewe alikuwa ameshajaza maji mdomoni, anasubiri.