Mgongo wa Bibi Umepona

Mpiga pasi alimeza kidonge cha asubuhi akiwa amesimama, kwa sababu kukaa kulimuuma na kulala kulimuuma zaidi. Akazunguka meza. Akajaribu kiti, akakiacha. Maumivu yalitoka kiunoni yakashuka pajani, kisha yakarudi juu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani.

Kidonge chenyewe kilikuwa cha sonona.

"Mimi sina sonona, daktari, nina mgongo," alilalamika siku alipoandikiwa.

Daktari alimweleza kwamba dawa hiyo hutuliza na maumivu pia, na kwamba dada wa mpiga pasi, aliyekuwa na mgongo kama huohuo, aliitumia akapona. Kweli, dada mtu siku hizi alibeba ndoo kichwani huku akimuuliza mdogo wake, "Wewe dawa unameza au unatupa?" Tumbo moja, baba mmoja, dawa moja; nani angemwamini? Hata bosi wake pale kwa dobi alishachoka. Alimwambia akishindwa kusimama kwenye pasi, atatafutwa mwingine.

Jioni hiyo bibi yake mzaa mama alibisha hodi, akavua viatu mlangoni. Bibi alifariki mjukuu akiwa bado shule ya msingi. Alikufa amejipinda, na ukoo mzima ulimwita mvivu kwa kuwa kila alipokwenda aliomba kiti. Sasa alikuwa amenyooka wima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kushukuru. Dawa zinanifika."

Akaeleza huku akiinama kuokota uzi sakafuni, kwa kujionyesha tu. Ini la mjukuu lilikuwa la bibi, alimrithisha yeye peke yake. Dada mtu alichukua la upande wa baba. Na ini hilo halikumsahau mwenyewe. Likipata kidonge, humpelekea bibi chote kabla hakijafika mgongoni mwa mjukuu.

Mpiga pasi alilia kwa hasira. Kisha akachemsha chai, maana mgeni ni mgeni, na kulipokucha wakaongozana kliniki.

Muuguzi aliita jina, ambalo lilikuwa la wote wawili, kwa kuwa mjukuu alipewa la bibi yake. Mkubwa hutangulia, bibi akapanda kitandani. Daktari akambonyeza kiuno.

"Hapa panauma?"

"Hapaumi, mwanangu."

"Inama."

Bibi akagusa vidole vya miguu.

"Daktari, huyo ni marehemu," mpiga pasi alisema, akihama mguu huu kwenda mguu ule. "Mgonjwa ni mimi. Nibadilishie dawa, nitafukuzwa kazi."

Daktari alimtazama bibi, akamtazama yeye, akaenda kunawa mikono.

"Dawa inayoponya haibadilishwi. Kwenu wamepona wawili. Sasa wewe una nini?"

Walipofika kwa dobi walikuwa wamechelewa, na mashati yalijaa meza. Bibi hakungoja kuambiwa. Alishika pasi akanyoosha shati la kwanza, la pili, la tatu, bila kujishika kiuno. Bosi alimtazama kwa muda, akamfungulia mjukuu aproni, akamvalisha bibi.

Mjukuu aliegemea ukuta. Akauacha, akaenda dirishani, akarudi. Mwishowe akauliza kwa sauti ndogo kama angeweza kupata kiti.

"Kiti, kiti, kila saa kiti," bibi akasema, bila kuinua macho kwenye kola. "Uvivu huu umeurithi kwa nani?"