Saa Iliyotundikwa Ukutani mwa Tanuri

Fundi saa alikuwa mjuzi, na kibaya zaidi, alijijua kuwa mjuzi. Mteja akilalamika kwamba saa yake inachelewa, yeye huiweka mezani siku tatu kando ya saa kubwa ya ukutani. Zikienda sawa, humrudishia mwenyewe na kumwambia akajichunguze.

Miaka kumi na mmoja iliyopita mama yake alipangiwa upasuaji siku ya Ijumaa, saa nne kamili asubuhi. Mdogo wa fundi, mwoka mikate, alifika hospitali saa nne na dakika kumi, unga umemganda mikononi. Mama alikuwa ameshaingizwa ndani, baada ya kumuulizia mara mbili. Hakutoka hai. Mdogo mtu aliapa kuwa saa yake ya mfukoni ilimwonyesha bado dakika tano. Fundi akaichukua, akaipa siku zake tatu mezani, kisha mbele ya shangazi na wajomba akatoa hukumu.

"Saa ni nzima. Mzembe ni wewe."

Mdogo wake akaichukua saa yake, akaondoka. Tangu siku hiyo hakuna aliyekanyaga kwa mwenzake.

Juzi mpishi mmoja alileta saa ya aina ile ile, na malalamiko yale yale. Fundi alipoanza kumhubiria, yule bwana akacheka, akasema hapa dukani kuna ubaridi, akaipime kule inakofanya kazi. Kwa ubishi tu, fundi akakubali itundikwe jikoni kwa mpishi, karibu na moto. Ikapoteza dakika tatu kwa siku. Ilipoondolewa, ikatengemaa.

Hapo akakumbuka saa ya mdogo wake. Gurudumu la saa hurudishwa na springi nyembamba kama unywele, na chuma chake kikipata joto hupungua ukakamavu, kikarudisha kivivu. Jambo hilo alifundishwa ujanani. Na mdogo wake alikuwa akiitundika saa ukutani mwa tanuri usiku na mchana, akiirekebisha kila Jumapili. Hadi Ijumaa ni siku tano, dakika tatu tatu, jumla kumi na tano. Alijuta hata chakula kikamshinda.

Kesho yake akaenda kwenye tanuri. Mdogo wake alikuwa ameota mvi, anakanda unga. Fundi akamweleza yote, springi na joto na hesabu ya siku, akamaliza hivi.

"Nilikukosea, mdogo wangu. Saa ndiyo iliyochelewa."

Mwoka mikate alisema analijua hilo tangu mwezi ule ule wa msiba. Alijaribu kuihamishia saa chumbani, ikaacha kuchelewa.

"Sasa mbona hukuniambia?"

"Saa uliipa siku tatu, kaka. Mimi hukunipa hata swali moja."

Mdogo wake akafuta mikono, akageuka kuitoa mikate iliyokwisha kuiva.